Ulemavu si Mwisho wa Kazi

Mtu akipata ulemavu ukubwani, anaweza kupoteza kazi, marafiki na pengine hamu ya kuishi.

Allen Parton alikuwa mwanamaji wa Uingereza. Mwaka 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, aliumia kichwa. Alibaki kwenye kiti cha magurudumu, akasahau hata harusi yake. Aliyemwamsha moyo ni mbwa, Endal, aliyefunzwa kumwokotea vitu na kumfungulia milango. Endal alikufa mwaka 2009. Mwaka 2010 Parton alianzisha shirika la Hounds for Heroes, la kufunza mbwa wa kuwasaidia wanajeshi waliojeruhiwa.

Kwa nini kazi hii huponya? Mbwa hafunzwi kwa siku moja. Anataka amri ile ile, zawadi ndogo na subira. Anayemfunza hana budi kuamka, kusema na kutoka nje, kwa maana kuna anayemngoja.

Basi, ndugu yako akipata ulemavu, usimfanyie kila kitu. Mpe jukumu analoliweza, hata la kulisha kuku. Lakini akikosa usingizi, akikataa chakula au akisema afadhali afe, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali upesi.