Roketi ya Chupa na Jirani Yetu wa Ngomeni



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi mtakaowasomea watoto ukurasa huu baada ya futari, mada niliyopewa ni michezo ya Idd. Nami nimechagua mmoja tu, roketi, kwa sababu ya jambo linalonikera. Idd ikikaribia, utawakuta wadogo zetu wamejificha wakikwangua vichwa vya viberiti na kuvishindilia ndani ya kipande cha bomba la chuma, ati wanatengeneza roketi. Hiyo si roketi, hiyo ni bomu. Moto ukishika ndani na moshi ukakosa pa kutokea, chuma hupasuka, na kipande chake hakichagui jicho. Sasa ukimkemea mtoto peke yake, atahamia nyuma ya nyumba. Mpe roketi ya kweli.

Tena roketi si ugeni kwetu. Hapo Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walisimamisha majukwaa baharini miaka ya sitini, wakaliita moja San Marco na jingine Santa Rita. Aliyeongoza kazi hiyo ni Profesa Luigi Broglio. Kuanzia 1967 hadi 1988 roketi 9 aina ya Scout zilipeleka setilaiti angani kutoka hapo. Walikuja kwetu kwa hesabu: tuko karibu digrii 3 tu kusini ya Ikweta, ambako dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,600 na zaidi kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki huipata kasi hiyo bure. Na mashariki yetu ni bahari tupu, kwa hivyo kinachodondoka hakimdondokei mtu.

Tarehe 12 Disemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Jina lake ni Uhuru, neno letu. Na dada zangu mnisikilize hapa: aliyesimamia mradi huo upande wa Marekani alikuwa mwanamke, injinia Marjorie Townsend.

Scout ilikuwa na kimo cha zaidi ya mita 20, vipande vinne vimepandana. Cha chini kikiisha kuungua kiliachwa, kinachofuata kikawaka. Lakini kanuni yake ni ile ile ya puto ulilolijaza ukaliachia kabla ya kulifunga: hewa yaenda huku, puto laenda kule.

Ng'ambo huuzwa vifurushi vya kuunga nyumbani, bomba la karatasi, mapezi, pua na mota ndogo ya baruti iliyoshindiliwa kiwandani, inayowashwa kwa waya wa umeme mtu akiwa mbali. Vizuri sana, lakini baruti ina sheria zake hapa kwetu, na bei nayo si ya mwanafunzi. Sisi tutumie maji.

Tafuta chupa ya plastiki ya soda. Nasema ya soda, si ya maji ya kunywa, manake ya soda imetengenezwa kuhimili gesi. Isiwe na ufa. Kata mapezi matatu kwenye katoni uyagundishe karibu na mdomo wa chupa, ambao ndio utakaoelekea chini. Kwenye kitako, ambacho sasa ni pua, bandika donge la udongo wa mfinyanzi. Uzito ukae mbele, mapezi nyuma. Ukikosea hapo roketi itageuka geuka kama kishada kisicho na mkia. Hebu ijaribu kabla: ifunge uzi pale inapolala sawasawa, uizungushe kichwani. Ikitanguliza pua, iko tayari.

Tia maji theluthi moja. Ukiacha hewa peke yake, itaruka kidogo tu, kwa kuwa hewa ni nyepesi na haina cha kusukuma. Ukiijaza pomoni, hewa inakosa nafasi. Ziba kwa kizibo cha raba kilichopitishwa valvu ya tyubu ya baiskeli, isimamishe kwenye kijukwaa cha vijiti, kisha pampu. Mpira wa pampu uwe mrefu, mita kadhaa, na asiinamie mtu juu yake hata ikionekana imegoma. Kizibo kitachomoka chenyewe.

Mahali ni ufuoni maji yakiwa yamekupwa, mbali na nyumba za makuti na nyaya za stima. Mwavuli wa kuishushia mshone kwa kitambaa cha mwamvuli mbovu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, na kitambaa ni kizuri zaidi.

Chukueni na daftari. Badilisheni kitu kimoja kimoja, leo maji, kesho mapezi, mkiandika kama imefika nusu ya mnazi au imeupita. Mnazi wenyewe mtaupima kwa kivuli chake na kivuli cha kijiti cha mita moja, saa ile ile. Na mapezi ya katoni yakilowa, yaanikeni kwanza.