Udongo, Ukili na Maneno: Kumsaidia Mtoto Mdogo Kuzungumza

(Maelezo yaliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili, Mgeta, Morogoro.)



Hapa milimani mama huamka alfajiri, akabeba kabichi au viazi kwenda sokoni. Mtoto wa miaka miwili hubaki na bibi au dada yake, nao wana kazi. Hupewa uji na kuambiwa, "Kaa hapo, nyamaza." Akifika miaka mitatu bila kusema, majirani hunong'ona kuwa ana udata, akatwe chini ya ulimi, wengine humwita bubu. Siku ya kuandikisha darasa la awali huachwa nyumbani. Hapo ndipo tunapompoteza.

Nimekuja kuwaomba vitu visivyonunuliwa: udongo, ukili na muda.

Bibi anaposuka ukili, ampe mtoto kipande chake na kumweleza anachofanya: "Navuta. Napitisha juu. Sasa chini." Mtoto anapofinyanga udongo, tumuulize, "Unatengeneza nini?" Kisha tungoje, tuhesabu moyoni hadi tano. Akisema "ku", tusimcheke wala kumkaripia. Tumjibu, "Naam, kuku. Kuku anakula." Hivyo hulisikia neno lake likiwa limekamilika, na huona kwamba kusema kunaleta jibu.

Udongo peke yake haumfundishi mtu kusema. Kinachofundisha ni mazungumzo: wawili wanatazama kitu kimoja, na neno linafika wakati mkono umekishika. Lugha na iwe ile anayoijua vizuri mlezi. Kiluguru hakimzuii mtoto kujifunza Kiswahili.

Aidha, kuna tahadhari. Walio chini ya miaka mitatu wasipewe shanga wala maharage, maana huingia puani, masikioni na kooni. Mtoto aliyetimiza miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, asiyegeuka aitwapo, au ambaye masikio yake yanatoa usaha, apelekwe zahanati. Mtoto asiyesikia hataponywa kwa udongo, wala kwa wembe. Wapo watakaohitaji lugha ya alama, nayo ni lugha kamili.

Kutumia vitu vya nyumbani kufundishia si jambo geni. Ndugu zetu Waislamu wa Mombasa walianzisha shule ya awali ya madrasa mwaka 1986 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, na mwaka 1990 mpango huo ukafika Zanzibar. Walimu wao hutengeneza vifaa kwa vitu vinavyopatikana mtaani. Nayo Serikali yetu, Desemba 2021, ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto hadi miaka 8. Ujifunzaji wa awali ni nguzo mojawapo.

Hivyo basi, wajumbe, naomba kila kigango kitenge saa moja kwa juma, bibi wawili watatu wakae na watoto na udongo. Andikeni majina ya watoto wasiosema, msiwafiche. Nanyi wafadhili wetu, msituletee midoli. Tusaidieni nauli ya mama na mtoto anayehitaji kushuka Morogoro kupimwa masikio.

Jioni ya leo, kabla ya kumwambia mtoto anyamaze, mpeni udongo mkononi, mkae naye, mumsikilize.