Kinundu Tumboni mwa Paka



Nabii Nathani alipotumwa kumwonyesha mfalme Daudi kosa lake, hakuanza kwa kumkaripia. Alianza na habari ya mwana-kondoo mmoja wa mtu maskini, aliyelishwa na kulelewa kama mtoto wa nyumbani. Mfalme alisikiliza, maana alidhani ni habari ya mnyama tu. Kumbe ilikuwa habari yake mwenyewe. Hayo tunayasoma katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12. Asubuhi hii nasi tunawaletea habari ya mnyama, nayo ni habari yetu wenyewe.

Nyumbani kwetu parokiani tulikuwa na paka jike, aliyekuja mwenyewe siku ya mvua akabaki. Mchana alifukuza panya ghalani, na jioni, baada ya chakula, alipanda mapajani mwa yeyote aliyetangulia kuketi. Jioni moja, mkono uliokuwa ukimpapasa tumboni ulikutana na kitu kigumu chini ya ngozi, karibu na chuchu, kadiri ya punje ya mtama. Tulipokigusa hakulia, wala hakuacha kula. Tukasema, "Kitaisha chenyewe."

Hakikuisha. Baada ya majuma machache kilikuwa kama punje ya hindi; baadaye kama korosho; mwishowe kama yai la njiwa. Tuseme kweli: hatukukawia kwa kukosa nauli. Tulikawia kwa kuona haya. Watu wangesemaje wakituona tumembeba paka kikapuni kwenda kwa bwana mifugo, hali ng'ombe wao wanangoja zamu?

Bwana mifugo hakucheka. Alimpapasa paka taratibu, chuchu moja baada ya nyingine, pande zote mbili za tumbo. Kisha akauliza, "Baba, mlikigusa lini mara ya kwanza?" Tukamwambia. "Kilikuwa kadiri gani?" Tukamwambia. Akanyamaza kitambo.

Ndipo akatufundisha. Uvimbe wa paka si wa namna moja. Ukitokea ghafula baada ya kupigana, ukawa na moto na maumivu, aghalabu ni jipu la kuumwa na paka mwenzake. Ukiwa na kitundu katikati, huenda ndani yake mna funza. Lakini kinundu kigumu katika matiti ya paka jike ni jambo la kuogopwa: katika kila vinundu kumi vya namna hiyo, vinane au tisa ni saratani. Kikikatwa kabla hakijafikia sentimita 2, paka huwa na tumaini la kuishi muda mrefu zaidi. Kikipita sentimita 3, tumaini hupungua sana. Akaongeza kwamba paka jike aliyefungwa kizazi kabla ya kutimiza mwaka mmoja hupatwa na ugonjwa huo kwa nadra. Tena akatuonya tusimkamue mnyama uvimbe, wala tusimpe dawa zetu za maumivu, kwa maana parasetamoli humwua paka.

Alimfanyia upasuaji. Jeraha likapona, tukaishi naye miezi kadhaa, kisha uvimbe ukarudi, akafa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliugusa kwa kidole tukauacha.

Lakini habari yetu haiishi hapo. Jioni ile tuliyotoka kwa bwana mifugo, tulikuwa mezani tukisimulia maneno yake. Mama anayetupikia alikuwa amesimama mlangoni, sufuria mkononi. Hakuondoka. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Baba, hata mimi ninacho. Tangu Kwaresima."

Ilikuwa mwezi wa Agosti.

Tulipomwuliza kwa nini hakusema, alijibu, "Ningesema nini, Baba? Nikilazwa, kazi itaningoja?"

Wapendwa, maneno hayo yalituchoma kama yale ya Nathani yalivyomchoma mfalme. Mikono yetu ilimjua paka hata ikatambua punje ya mtama chini ya manyoya yake. Mama huyu alituwekea chakula mbele yetu kila siku, akatufulia, akatuombea. Naye alibeba hofu yake miezi mitano, hatua chache kutoka mezani petu. Kila asubuhi tulimwuliza, "Mama, umeamkaje?" Alijibu, "Salama." Sisi tulikuwa tumekwisha kupita.

Kesho yake Sista wa zahanati alimsindikiza hospitali ya mkoa. Kipande kidogo kilitolewa kikapelekwa kupimwa, nasi tukangoja pamoja naye siku zile ndefu. Mshahara wake haukukatwa, na jikoni tulishika zamu wenyewe, tukala wali mbichi bila kunung'unika. Majibu yaliporudi, haikuwa saratani. Na kwa kweli, vinundu vingi vya titi la mwanamke si saratani. Lakini hakuna ajuaye hivyo kwa kukaa kimya. Na palipo na saratani, mwenye kuwahi ana tumaini ambalo mwenye kuchelewa hana. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua.

Basi tuyachukue mambo matatu. La kwanza, tusimcheke mtu ambebaye paka au mbwa wake kwenda kutibiwa. Kitabu cha Mithali chatufundisha kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. La pili, ukigusa katika mwili wako kitu usichokijua, usikingoje kikue. Mwambie mtu leo, na uende ukapimwe. La tatu latuhusu sisi tulio na watu wanaotutumikia majumbani, mashambani na parokiani. Ugonjwa wa mtumishi usiwe sababu ya kumfukuza, wala asiwe na sababu ya kuogopa kwamba atafukuzwa. Nanyi makatekista, mpitapo katika jumuiya ndogo ndogo, msiridhike na jibu la "salama." Ngojeni kidogo. Mara nyingi neno lenyewe huja baada ya hapo.

Ee Mungu, uliyeiumba mikono yetu, uifanye iwe myepesi kugusa na isiyokawia kusaidia. Utusamehe wale tuliowapita kila asubuhi. Uwape ujasiri walio na hofu wanayoificha leo, nasi utupe masikio ya kungoja jibu lao. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.