Mdudu wa Mpungate Anahitaji Muda

(Hotuba kwa vikundi vya wafugaji, Laikipia Kaskazini)



Hatuna haja ya kuwaeleza ubaya wa mpungate. Midomo ya mbuzi wenu inaeleza. Vijimwiba vya tunda lake huchoma ulimi na ufizi, hushuka hadi tumboni, na mnyama huacha kula mpaka afe. Asili yake ni Amerika. Doldol uliletwa wakati wa ukoloni. Huko kwao una wadudu wanaoushambulia, lakini hapa ulikuja peke yake. Nyani na ndovu hueneza mbegu, na kipande kikianguka chini huota mizizi. Ndiyo maana panga halijatutosha.

Mwaka 2014 mdudu aitwaye kochinili aliachiliwa hapa Laikipia kwa kazi ya shirika la CABI na washirika wake. Hujifunika utando mweupe kama pamba, na ukimponda hutoa wekundu kama damu. (Si uchawi, ndugu zangu.) Jike hukaa mahali pamoja akifyonza maji ya mmea hadi unyauke. Watoto wake hupeperushwa na upepo, lakini si mbali, na mvua kubwa huwaosha. Kwa hiyo tunawasaidia wakati wa kiangazi: tunakata kipande chenye wadudu wengi na kukiegemeza kwenye mpungate ambao haujaguswa.

Tunawasihi, msichome wala kupulizia dawa mpungate wenye weupe. Mtakuwa mnamuua mfanyakazi wenu. Tunajua kungoja ni kugumu mifugo ikiumia. Basi ng'oeni na kuzika ile iliyo karibu na boma. Mingine mwachieni mdudu. Huko Australia nondo kutoka Argentina aliletwa mwaka 1925, na ilipofika 1933 sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa imekombolewa. Hata huko ilichukua miaka.

Wala mtu asilete kochinili kutoka kwingine. Wako wa aina nyingi. Kule Tigray, Ethiopia, aina nyingine ililetwa kwa ajili ya kutengeneza rangi, ikageuka balaa kwa mipungate ambayo watu huitegemea kwa chakula na malisho.

Baada ya chai tutatoka pamoja kwenda kuhamisha vipande. Mwenye koleo ndefu aje nayo, maana miiba hii haimheshimu hata mchungaji.