Mwanafunzi Aliyechoka na Maisha: Tumsaidieje?

Leo tutazungumza habari ya mwanafunzi wa chuo anayefikia hali ya kutaka kujiua, na kazi iwapasayo watu walio karibu naye.

Huenda ukasema, "Mimi si mwalimu wala daktari." Lakini wilaya za Tarime na Serengeti zina vyuo, kama Chuo cha Ualimu Tarime, na wako wanafunzi wanaopanga vyumba mitaani. Wewe mwenye nyumba, wewe mama lishe, na wewe unayelala naye chumba kimoja, mwamwona kijana huyo kuliko mkuu wa chuo amwonavyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walijiua duniani. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo.

Kijana wa Kikurya akishatahiriwa huitwa mura, na mura hutazamiwa awe shupavu. Ni sifa njema, ila humfunga mtu mdomo. Chukua kijana aliyefeli mitihani. Baba yake alipeleka ng'ombe mnadani ili ada ipatikane. Ng'ombe wamekwisha, na matokeo ndiyo hayo. Atasema nini nyumbani? Basi hunyamaza, na wenzake humsifu kuwa ni mtu wa kujikaza.

Wasichana nao wana mizigo yao. Wako waliokimbia kukeketwa, wakapokelewa katika nyumba salama za Masanga, Tarime, na za Mugumu, Serengeti. Binti wa namna hii akifika chuoni, tunampongeza na kudhani shida zake zimekwisha. Lakini likizo ikikaribia, wenzake hufunga mizigo wakiimba, na yeye huenda hana mlango wa kugonga. Kwa maoni yangu, mlezi wa wanafunzi asingoje siku ya kufunga chuo. Amwulize mapema, faraghani, likizo atakaa wapi.

Dalili ni zipi? Mtu huacha kula na kulala vizuri, hujitenga, hugawa vitu vyake avipendavyo, au husema maneno kama, "Hivi karibuni sitawasumbua tena." Msiyacheke maneno hayo. Tena mwangalieni yule aliyekuwa na huzuni nyingi kisha akatulia ghafula pasipo sababu ya kuonekana.

Sasa twafika penye kazi yenyewe. Watu wengi huogopa kwamba ukimtajia mtu habari ya kujiua utamtia wazo hilo kichwani. Sivyo. Wataalamu wamelichunguza jambo hili mara nyingi, wakaona kuwa kuuliza hakumwongezei mtu hatari; mara nyingi humpa nafuu. Basi mwite kando, umwambie: "Ndugu yangu, siku hizi huli, wala hulali. Je, unafikiri kujiua?" Kisha nyamaza umsikilize. Usimhubirie, wala usimtajie waliopata shida kuliko yeye. Akikubali kuwa ndivyo, usimwache peke yake hata kidogo. Usiahidi kuificha siri hiyo. Mwambie wazi kuwa mtatafuta msaada pamoja. Na wewe mwenye nyumba, dawa za mimea na za mifugo zifungie kwa ufunguo. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa za shamba zilizo kali mno, idadi ya watu wanaojiua ilipungua kwa kiasi cha asilimia 70 katika miaka ipatayo 20. Hamu ya kufa mara nyingi ni ya muda. Mtu akivushwa saa ile mbaya, aweza kuishi miaka mingi.

Kisha mpeleke hospitali, Tarime mjini au Mugumu. Wao wakiona haja watampeleka mbele, Musoma au Bugando, Mwanza. Aliye chini ya miaka 18, au anayemsaidia, aweza pia kupiga simu namba 116 bila malipo.

Hapa liko jambo linalowatia watu hofu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania chasema kuwa kujaribu kujiua ni kosa. Kwa sababu hiyo, jamaa humficha mgonjwa chumbani wakiogopa polisi. Sheria ya namna hii tuliirithi kwa Waingereza, nao wenyewe waliifuta kwao mwaka 1961. Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, ambako nako wanakaa Wakurya, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua Januari 2025 kwamba kifungu chao cha 226 kinapingana na Katiba. Kwetu kifungu kingalipo. Lakini angalieni: kuwa na mawazo ya kujiua si kosa, na kumpeleka mgonjwa hospitali si kosa. Mwendeeni daktari mapema, kabla mambo hayajafika huko.

Akirudi chuoni, asipokelewe kwa minong'ono. Mwalimu ampe nafasi ya kurudia mtihani kama kanuni zaruhusu, na rafiki aendelee kumtembelea hata mwezi wa pili na wa tatu, wakati wengine wamekwisha kusahau.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji: Katika mtaa wenu, ni nyumba zipi zina wanafunzi wapangaji, na nani anawajua kwa majina? Mwanafunzi akizidiwa usiku wa manane, nani ana chombo cha kumfikisha hospitali?