Wilaya ya Ngorongoro na watu wake

Wilaya ya Ngorongoro iko kaskazini mwa Mkoa wa Arusha, ikipakana na Kenya. Makao makuu yake yako Loliondo. Sensa ya 2002 ilihesabu watu 129,776. Ya 2012 ikakuta 174,278.

Wilaya ina tarafa tatu: Loliondo, Sale na Ngorongoro. Chini ya tarafa kuna kata, kisha vijiji na vitongoji. Mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais, ilhali madiwani wa halmashauri huchaguliwa kwa kura katika kata zao.

Wengi wa wakazi ni Wamaasai, wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Tarafa ya Sale ndiko waliko Wabatemi, wanaojulikana pia kama Wasonjo, wakulima wanaomwagilia mashamba kwa mifereji ya jadi. Samunge, kijiji kilichofurika wagonjwa mwaka 2011 wakifuata kikombe cha dawa ya mchungaji aliyejulikana kama Babu, kiko huko huko. Wilayani wapo pia Wadatoga, ingawa wachache.

Ugumu wa utawala uko Tarafa ya Ngorongoro. Eneo hilo liko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa 1959 ili watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja. Kwa hiyo mwananchi huko yuko chini ya serikali ya kijiji chake na papo hapo chini ya Mamlaka ya Hifadhi, na kilimo kimepigwa marufuku. Tangu Juni 2022, baadhi ya kaya zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni, Tanga.