Yeremia Alinunua Shamba

Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia



Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo limeleta maneno vikundini. Mwenzetu mmoja aliacha kutoa mchango wake. Alipoulizwa sababu, alijibu, "Bwana yu karibu kurudi. Tangi la maji la nini?" Wengine walicheka. Lakini jamani, hilo si swali la kuchekwa. Linataka jibu.

Kwanza tuseme wazi: sisi sote tunangoja. Kila tunaposali Sala ya Bwana tunaomba ufalme wa Mungu uje hapa duniani. Katika Ufunuo 21 Yohana aliuona mji mtakatifu ukishuka, Mungu akija kukaa na watu. Naye Isaya, sura ya 65, anaeleza juu ya watu wanaojenga nyumba na kukaa ndani yake, wanaopanda na kula matunda ya jasho lao, na watoto wachanga wasiokufa mapema. Nyumba, shamba, afya ya mtoto. Si ndiyo mambo tunayoyaandika kila mkutano katika kitabu cha kikundi?

Sasa tumtazame Yeremia, sura ya 32. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu. Yeye mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi, na anajua kwamba mji utatekwa. Siku hiyo binamu yake Hanameli anamjia: ninunulie shamba langu la Anathothi. Nani hununua shamba wakati adui yuko mlangoni? Yeremia alinunua. Alipima shekeli 17 za fedha, akaweka mashahidi, akatia muhuri hati, akamwambia Baruku aziweke katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Kwa nini? Mungu alikuwa ameahidi kwamba nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Aliyeamini ahadi alitoa pesa mfukoni. Hakukunja mikono.

Kungoja kwa njia mbaya kunaua. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, watu walifundishwa kufunga mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na watoto walikuwa wengi. Yesu mwenyewe alisema siku ile haijulikani na mtu. Basi anayekutajia tarehe, au anayekwambia umnyime mtoto chakula au dawa, msimfuate. Mwambieni mzee wa kijiji au chifu mapema. Hata Wathesalonike wengine waliacha kazi, na Paulo akawaandikia warudi kazini wale chakula chao wenyewe.

Lakini tusijisifu pia. Tangi letu si ufalme wa Mungu. Ufalme ataleta Mungu mwenyewe. Tangi ni ishara tu, kama punje ya haradali aliyoisema Yesu: ndogo, lakini inaonyesha mti utakuwa wa namna gani. Kwa hiyo ishara yenyewe iwe safi. Kama mweka hazina anakula pesa, au mjane hapati zamu yake, tunatangaza ufalme gani?

Yule mwenzetu tusimfukuze. Twendeni kwake wawili watatu, tukae naye, tusome Yeremia 32 pamoja. Zamu yake ya maji ibaki palepale.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Yeremia alitia pesa katika ahadi. Sisi tunatia nini?
2. Ni nani hapa kijijini hafaidiki na kazi yetu bado?
3. Hesabu zetu zilisomwa lini mara ya mwisho mbele ya wanachama wote?

Bwana awabariki, na majembe yasilale.